Waliovaa koti la buluu walipelekwa wapi?

Mwalimu mmoja wa Kiingereza wa kidato cha tano ameniandikia. Nafupisha swali lake: "Nilipokuwa naandaa somo la waandishi wa Uingereza niligundua kwamba Samuel Taylor Coleridge na Charles Lamb walisoma shule moja, Christ's Hospital, tena wakati mmoja. Nikaendelea kuchimba, nikakuta Barnes Wallis, yule mhandisi wa bomu lililovunja mabwawa ya Ujerumani, naye katoka hapohapo. Wanafunzi wangu wanasema jibu ni rahisi: shule ya matajiri hiyo. Je, ni kweli? Kama si kweli, siri yake ilikuwa nini? Na wale wasiotajwa popote waliishia wapi?"

Mwalimu, sijui umri wako, kwa hiyo shikamoo yangu ipo na marahaba yangu ipo, chukua inayokufaa.

Wanafunzi wako wamechanganya shule mbili tofauti. Shule wanayoiwazia ni Eton, iliyotoa mawaziri wakuu 20 wa Uingereza. Christ's Hospital haijatoa hata mmoja. Jina lenyewe ni la zamani: "hospital" wakati ule ilikuwa makao ya kuhifadhi wahitaji, na hao ndio shule ilianzishwa kwa ajili yao. Mwaka 1552 jiji la London lilikuwa limejaa watoto wa mitaani. Askofu Nicholas Ridley alihubiri mbele ya mfalme kijana, Edward VI, juu ya wajibu wa wenye nacho kwa wasionacho. Majengo ya watawa pale Newgate, ambayo baba yake mfalme alikuwa amewanyang'anya wenyewe, yakageuzwa makao ya watoto. Novemba ya mwaka huo waliingia watoto kama 380, wasichana wakiwamo. Mfalme alitia saini hati ya kuitambua rasmi Juni 1553, na siku chache baadaye akafa akiwa na miaka 15.

Walivishwa koti refu la buluu linalokaribia vifundo vya miguu na soksi ndefu za manjano. Nguo hiyo ilikuwa alama ya msaada: kila aliyekuona barabarani alijua unakula kwa fadhila za watu. Wanafunzi wa sasa bado wanaivaa, na wanaringa nayo.

Hata hivyo, kufikia karne ya 18 hawa hawakuwa tena watoto waliookotwa barabarani, na hili ni muhimu kwa swali lako. Ili mtoto apokelewe ilibidi mmoja wa wadhamini wa shule ampendekeze, na wadhamini walikuwa wafanyabiashara na wakubwa wa jiji. Maskini asiyejuana na mtu hakumfikia mdhamini. Waliofika walikuwa watoto wa makasisi, makarani, mafundi na wenye maduka waliofilisika au waliofiwa. Yaani nyumba zenye vitabu lakini zisizo na fedha. Coleridge alikuwa kitinda mimba wa kasisi wa Ottery St Mary, kule Devon. Baba yake alifariki 1781, na mwaka uliofuata mtoto wa miaka tisa akapelekwa London. Lamb alikuwa mtoto wa mtumishi wa mwanasheria aitwaye Samuel Salt, na ni mkono wa Salt uliomwingiza shuleni. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya siri inapatikana mlangoni pa kuingilia: shule ilikuwa inachagua watoto waliokwisha kuonja kusoma nyumbani, kisha wakaporomoka.

Sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo kubwa, iko kwenye mlango wa kutokea. Orodha za wahitimu mashuhuri hukuonyesha mtu akiwa kileleni na kukuacha ujaze mwenyewe yaliyotokea katikati. Ukitaka kuijua shule, uliza ilimkabidhi mtoto kwa nani siku alipoondoka. Christ's Hospital ya zamani ilimkabidhi kila mtoto kwa mtu, na milango ilikuwa mitatu. Wengi waliondoka wakiwa na miaka kama 15 kwenda kuwa wanagenzi wa mafundi au makarani wa nyumba za biashara. Kundi dogo lilikwenda baharini. Wachache mno, wale wa darasa la juu kabisa walioitwa Grecians kwa sababu ya Kigiriki walichosoma, walilipiwa kwenda Oxford au Cambridge, kwa matarajio kwamba watakuwa makasisi.

Sasa mtazame Lamb. Kichwa alikuwa nacho, Kilatini alikijua vizuri. Ila alikuwa na kigugumizi, na mtu mwenye kigugumizi hawezi kusimama mimbarani. Mlango wa chuo kikuu ukafungwa kwa sababu hiyo tu. Aliondoka shule 1789, akakaa kidogo katika ofisi za Kampuni ya Bahari ya Kusini, na Aprili 1792 akaanza kazi idara ya hesabu ya Kampuni ya India Mashariki, mtaa wa Leadenhall. Alidumu kwenye dawati hilo miaka 33, akinakili na kujumlisha hesabu za bidhaa zilizotoka Asia. Baadaye alitania kwamba kazi zake halisi ni yale madaftari makubwa yaliyopangwa kwenye rafu za kampuni, si vitabu vyake.

Wengi husimulia habari hii kama msiba wa kipaji kilichofungiwa ofisini. Mimi siioni hivyo. Septemba 1796 dada yake Mary, akili zikiwa zimemruka, alimchoma mama yao kisu akafa. Charles alikuwa na miaka 21. Sheria ya wakati ule iliruhusu ndugu kumchukua mgonjwa wa akili chini ya dhamana yao badala ya kumwacha afungiwe maisha, na Charles akakubali. Hakuoa. Alimtunza Mary hadi mwisho wa maisha yake, na ugonjwa ulipomrudia dada yake alimpeleka mwenyewe mahali pa matibabu, kisha akamrudisha nyumbani. Kilichowezesha hayo yote ni mshahara wa ukarani usiokatika. Alipostaafu 1825 kampuni ilimpa pensheni ya pauni 441 kwa mwaka, baada ya kukata pauni tisa za kumwekea Mary akiba. Waandishi wangapi wa siku zile walikuwa na hakika hiyo?

Tena kitabu chao kilichosomwa zaidi walikiandika wawili, Charles na Mary, wakisimulia upya tamthilia za Shakespeare kwa watoto. Kilitoka 1807. Hapa wanafunzi wako watasisimka: katika miaka ya 1860 Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa misheni ya UMCA, alichukua baadhi ya masimulizi hayo akayatafsiri na kuyachapa Unguja kwa jina la Hadithi za Kiingereza. Karibu miaka mia moja kabla Mwalimu Nyerere hajatafsiri tamthilia zenyewe, Shakespeare alikwisha kuingia katika Kiswahili kwa kupitia karani mwenye kigugumizi na dada yake.

Coleridge, kwa upande wake, alipata kile Lamb alichonyimwa. Shuleni walimpigia mfano, akawa Grecian, na 1791 akapelekwa Jesus College, Cambridge. Mwishoni mwa 1793, akiwa amezama kwenye madeni, alitoroka chuo akajiandikisha jeshini katika kikosi cha wapanda farasi kwa jina la bandia, Silas Tomkyn Comberbache. Hakuweza hata kukaa vizuri juu ya farasi. Kaka zake walihangaika hadi jeshi likamwachilia Aprili 1794 kwa maelezo kwamba hana akili timamu. Cambridge aliiacha bila shahada. Kwa muda mrefu aliishi kwa ruzuku ya marafiki. Ndugu wa ukoo wa Wedgwood, wenye viwanda vya vyombo vya udongo, walimwahidi pauni 150 kwa mwaka kuanzia 1798. Afyuni ilimshika asiweze kujinasua, na miaka yake 18 ya mwisho aliishi nyumbani kwa daktari mmoja huko Highgate. Mashairi yake yanajulikana, sina la kuongeza. Nasema tu kwamba ukitathmini shule kwa kazi iliyomtayarishia mtoto, mwanafunzi wake bora kuliko wote alishindwa, na yule iliyemweka daraja la pili alifanikiwa. Walibaki marafiki tangu utotoni, wakafa mwaka mmoja, 1834, miezi mitano ikipita kati yao.

Aliyeutumia mlango wa chuo kikuu kama ulivyokusudiwa ni Thomas Middleton, rafiki yao mkubwa kiumri. Alisoma, akapata daraja la ukasisi, na 1814 akawa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Calcutta. Husikii mtu akifundisha habari zake darasani.

Mlango wa bahari unanipendeza kuliko yote, na hausimuliwi vya kutosha. Mwaka 1673 Mfalme Charles II alianzisha ndani ya shule hiyo darasa la hisabati la wavulana 40, watakaofundishwa hesabu, nyota na namna ya kuongoza meli, kisha wakabidhiwe kwa manahodha kama wanagenzi kwa miaka saba. Uingereza ilikuwa inapigana na Waholanzi baharini na ilihitaji watu wanaojua kusoma ramani. Samuel Pepys, mmoja wa wakuu wa utawala wa jeshi la majini, alilisukuma sana jambo hili. Mwaka 1694 Isaac Newton mwenyewe aliombwa aupitie mtaala, akatoa maoni marefu. Hebu fikiria: mtoto wa fundi viatu aliyefiwa na baba, na mtaala wake unakaguliwa na Newton.

Wavulana hawa walivaa beji begani, na wanafunzi wadogo waliwaogopa kwa ubabe wao. Wengi walikwenda baharini na majina yao yakabaki kwenye vitabu vya meli. Wawili safari yao iligeuka kwa namna ya pekee. Mfalme Peter wa Urusi alipokuja London 1698 kutafuta wataalamu, aliajiri mwalimu mmoja wa Kiskoti, Henry Farquharson, pamoja na vijana wawili waliotoka tu katika darasa lile, Stephen Gwyn na Richard Grice. Mwaka 1701 shule ya hisabati na ubaharia ikafunguliwa Moscow, na vijana hao wakawa walimu wa Warusi ambao baadhi yao bila shaka waliwazidi umri. Grice aliuawa na wanyang'anyi hukohuko Moscow. Maisha yake mafupi yananieleza zaidi kuhusu shule hii kuliko washairi wote: mtoto wa msaada alipewa ujuzi uliokuwa haba duniani, na ujuzi huo ukamfikisha mahali ambapo hakuna ndugu yake aliyewahi kufika.

Kati ya 1775 na 1798 darasa hilo lilifundishwa na William Wales, mwanafalaki aliyezunguka bahari za kusini na nahodha James Cook, hadi kwenye barafu, katika safari ya 1772 hadi 1775. Coleridge alikuwa shuleni wakati huo. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba barafu na nyota za shairi lake la baharia mzee, lililotoka 1798, zina mwangwi wa hadithi za Wales. Ushahidi wa moja kwa moja haupo, ila dhana yenyewe naiona ina mashiko.

Umeuliza wasiotajwa waliishia wapi. Hapa tuna bahati ambayo shule nyingi hazina. Kwa kuwa watoto walikuwa mzigo wa hisani, na mwenye kutoa fedha hutaka hesabu, shule iliandika kila kitu: jina la mtoto, baba yake na kazi yake, parokia, siku aliyopokelewa, siku aliyotoka na mtu aliyekabidhiwa. Madaftari hayo yamehifadhiwa kwenye nyaraka za jiji la London, na watu wanaotafuta asili za koo zao huyatumia mpaka leo. Ukiyasoma unakutana na watengeneza saa, wauza nguo, makarani na mabaharia, ukurasa baada ya ukurasa, na pia watoto waliofia shuleni kwa maradhi kabla hawajakabidhiwa kwa yeyote. Hao ndio wahitimu wa kweli wa shule. Washairi ni wachache waliojitokeza pembeni.

Wasichana wanahitaji maelezo yao. Walikuwapo tangu siku ya kwanza, na kwa muda mrefu shule yao ilikuwa mjini Hertford, mbali na wavulana wakubwa. Lakini nafasi zao zilipunguzwa, wakafundishwa kusoma na kushona zaidi ya hesabu, na wengi wakakabidhiwa kwenda kutumika majumbani mwa watu. Usishangae basi orodha ya watu mashuhuri wa zamani ikiwa ya wanaume watupu. Shule ya wavulana ilihamia Horsham, Sussex, 1902, na wasichana hawakuungana nao hadi 1985.

Karne ya 20 nitaipitia haraka, maana milango ya zamani ilikuwa imeanza kufifia na mitihani kuchukua nafasi ya madawati ya ukarani. Edmund Blunden alitoka darasa la Kigiriki akaingia moja kwa moja kwenye mahandaki ya vita vya kwanza vya dunia. Alipona, akafundisha Tokyo, Oxford na Hong Kong. Huko Oxford alimfundisha kijana mwingine wa Christ's Hospital, Keith Douglas, mshairi aliyeuawa Normandy Juni 1944 akiwa na miaka 24. Colin Davis, mmoja wa watoto saba wa nyumba isiyo na uwezo, alijifunza filimbi ya klarineti shuleni. Kwa kuwa hakujua kupiga piano alinyimwa darasa la uongozaji muziki, na bado akaja kuiongoza London Symphony Orchestra. Michael Stewart alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza Tanzania ilipovunja uhusiano wa kibalozi na nchi hiyo, Desemba 1965, kwa ajili ya Rhodesia. Ingawa kwa haki yake niseme masuala ya Jumuiya ya Madola yalikuwa chini ya wizara nyingine wakati huo.

Naye Barnes Wallis, uliyemtaja. Alizaliwa 1887, mtoto wa daktari aliyelemazwa na polio. Aliingia shule 1900, kwa hiyo aliionja London na pia Horsham. Bahati yake ilikuwa kwamba Henry Armstrong, mwanakemia aliyekuwa miongoni mwa wadhamini, alishinikiza shule mpya ijengewe maabara nzuri na wanafunzi waachwe wagundue kwa majaribio yao badala ya kukariri. Pamoja na hayo Wallis hakwenda chuo kikuu. Aliondoka akiwa na miaka 17 kwenda kiwandani, akahamia karakana ya meli kisiwa cha Wight, na shahada ya uhandisi aliipata 1922 kwa kujisomea. Yaani naye alipitia mlango uleule wa uanagenzi ambao wenzake wa 1700 waliupitia. Ndipo zikaja ndege za vita za Wellington alizochangia kuzisanifu, na baadaye lile bomu lililodundadunda juu ya maji kama kijiwe anachorusha mtoto ziwani.

Usiku wa 16 kuamkia 17 Mei 1943 ndege 19 ziliruka kwenda kwenye mabwawa ya Ruhr, nane hazikurudi, na wanajeshi wa anga 53 walikufa. Waliokufa ardhini kwa mafuriko walizidi elfu moja, wengi wao wafungwa na watu waliolazimishwa kufanya kazi Ujerumani, na hilo nakuomba usiliache darasani. Wallis aliwalilia vijana wale 53 miaka yote. Serikali ilipompa tuzo ya pauni 10,000 mwaka 1951 kwa uvumbuzi wake wa wakati wa vita, alizitoa kwa Christ's Hospital uanzishwe mfuko wa kusomesha watoto wa wanajeshi wa anga waliofariki au kuumia kazini.

Hivyo ndivyo shule inavyoendeshwa mpaka leo, kwa urithi na michango ya aina hiyo. Mzazi hulipa ada kulingana na kipato chake, wapo wasiolipa chochote, na koti la buluu hutolewa bure kwa wote. Waambie wanafunzi wako kwamba wanaolipa ada kamili wapo pia siku hizi, kwa hiyo hawakukosea kila kitu.